Watoto wameing'ang'ania Bone, katuni yetu ya Amboni wanairudisha rafuni. Tatizo ni nini?

#1 MwanaNgamiani

Wakuu, habari za jioni.

Nasimamia kikundi cha kusoma cha watoto wa darasa la nne hadi la saba hapa Ngamiani, Tanga. Kwenye rafu yetu kuna katuni mbili zinazoninyima raha. Moja ni seti ya Bone ya Jeff Smith, Mmarekani, tuliyoletewa zawadi. Nyingine ni ya Kiswahili, imechorwa na kijana wa hapahapa mjini: binti anaingia mapango ya Amboni kumtafuta kaka yake, anakutana na mizimu na nyoka wa vichwa saba.

Kiingereza cha watoto hawa ni cha kuokoteza. Lakini Bone wanaigombania mpaka kurasa zimelegea. Ya Amboni wanaisifia jalada, wanafunua kurasa chache, wanairudisha. Na ukiziweka sambamba, mimi naona mkono wa kijana wetu ni mzuri zaidi. Magamba ya yule nyoka kayachora moja moja!

Kwa asiyeijua Bone: binamu watatu weupe pee, pua kubwa, hawana hata unywele, wametimuliwa mjini kwao kwa ujanja ujanja wa mmoja wao, Phoney Bone. Wanapotea jangwani, kundi la nzige linawatenganisha, kila mmoja anafika kivyake kwenye bonde lenye joka, majitu-panya na binti aitwaye Thorn, asiyejua kwamba yeye ni wa ukoo wa kifalme. Inaanza kwa vicheko, inaishia vitani.

Hoja yangu: wachoraji wetu mikono wanayo, ila kusimulia kwa picha bado. Nipingeni.

#2 Kahawa_Tungu

Naweka kiti. Uzi huu una wenyewe, subiri waje.

#3 Mwl_Rangi

Mkuu, jibu liko kwenye nyuso. Mchambuzi Scott McCloud alilieleza mwaka 1993: uso ukichorwa kwa mistari michache, msomaji hujiona yeye mwenyewe ndani yake, ukijazwa kila kunyanzi, msomaji humwona mtu mwingine. Hergé, mchoraji wa Ubelgiji, alifanya hivyo kwa mhusika wake Tintin: macho ni nukta mbili, lakini bandari, magari na meli nyuma yake vimechorwa kwa uangalifu mkubwa.

Bone inafuata njia hiyo. Fone Bone, yule binamu aliye mhusika mkuu, ni mistari michache na pua. Bibi yake Thorn, miti, miamba na nyumba vina uzito wa kweli. Mtoto wa Ngamiani anaingia kwenye mwili wa Fone Bone bila kubisha hodi, kisha anatembea kwenye msitu unaomtisha. Binti wa Amboni nimemwona, mtu aliniletea nakala. Ana nyusi, kope, kivuli cha shavu, kila kitu. Ni mzuri wa kutazamwa tu.

#4 BintiPangani

Mwl_Rangi, mbona Liyongo kwenye tenzi hana uso kabisa na watu wanamfuata beti kwa beti? Siyo uso huo.

Mimi naona ni kicheko. Bone inamchekesha mtoto kwanza. Kuna yale mashindano ya mbio za ng'ombe, bibi mtu mzima anashindana mbio na ng'ombe, na Phoney Bone anapanga wizi wa kamari kwa kumvalisha binamu yake ngozi ya ng'ombe wa bandia. Mtoto akishawapenda, ndipo mwandishi anapowaweka hatarini, na hofu inakuwa ya kweli kwa sababu sasa ana watu wa kuwahofia. Katuni ya Amboni inaanza na radi, damu na nyoka ukurasa wa kwanza. Nimhofie nani wakati sijamjua mtu?

Ngano za kwetu Pangani zinaanza hivyohivyo. Sungura anamfanyia fisi visa mpaka mnachoka kucheka, zimwi linakuja baadaye.

#5 MzeeWaKatani

Vijana, mnawaonea wachoraji. Angalieni walikolelewa. Sisi tulikua na Chakubanga wa Christian Gregory kwenye gazeti la Uhuru. Baadaye likaja jarida la Sani na kina Ndumilakuwili, Lodi Lofa, Madenge na Dokta Lovi Pimbi. Niliyapenda na bado nayapenda. Lakini gazeti linakupa fremu tatu nne: weka mtu, weka kisa, chekesha, umemaliza. Mchoraji aliyelelewa na nafasi hiyo anakuwa bingwa wa kumalizia. Kuchelewesha hajafundishwa na mtu, kwa sababu hakuna aliyempa kurasa za kuchelewesha.

Huyo Smith kapata kurasa zaidi ya 1300 za hadithi moja. Alianza kuitoa 1991, akamaliza 2004. Mpeni kijana wa Tanga miaka 13 ya kuchora kitu kimoja huku anakula, halafu ndipo mlinganishe.

#6 MwanaNgamiani

Shikamoo mzee. Naafiki suala la kula. Ila Smith naye hakupewa na mtu, alijichapishia mwenyewe. Na zile kurasa alizitoa vipande vipande, matoleo 55, kila toleo likibidi liwe na ladha yake mwenyewe. Hakuwa na jumba la nafasi pale mwanzo.

#7 MzeeWaKatani

Marahaba. Kujichapishia Ohio kwao Smith siyo kujichapishia Barabara ya 12 hapa Tanga, mwanangu.

#8 FundiWino_Tanga

Salaam wote. Hiyo katuni ya Amboni ni yangu, nimeonyeshwa uzi huu na rafiki.

Nianze na magamba. Niliyachora moja moja kwa sababu mtoto wa Tanga anastahili kitu kilichofanyiwa kazi. Tumezoea kuambiwa kazi zetu ni za haraka haraka. Nilitaka akifungua aone kuna mtu alikesha.

Pili, maelezo juu ya kila fremu niliyaweka makusudi. Wasomaji wangu wengi hawajazoea kusoma picha. Wakikosa maneno wanadhani kitabu kina kasoro ya uchapaji. Nilikwishaulizwa hivyo na muuza magazeti.

Tatu, nachora nikiifikiria mashine ya fotokopi, maana ndiyo kiwanda changu. Mashine inakula mstari mwembamba na inageuza kijivu kuwa uchafu. Ndiyo maana giza la pango ni weusi mtupu na magamba ni mistari minene.

Dada BintiPangani, la kicheko limenigusa. Ila Amboni mimi sikuiona mahali pa kucheka.

#9 BintiPangani

Ahsante kwa kuja, kaka, na hongera ya kazi. Sisemi pango lichekwe. Nasema binti achekwe, au kaka yake, kabla hajapotea. Tuone wanavyogombea baiskeli, tuone wanavyopigiana kelele, ili akipotea tumkose.

#10 Kaole_Boy

Wa Bagamoyo nami niingie, uzi usiwe wa Tanga peke yenu.

Nimesoma sanaa za maonyesho TaSUBa, chuo cha sanaa cha huku Bagamoyo, kwa hiyo naiona tofauti. Siri ya Bone ni muda. Jeff Smith kabla ya kuanza alikuwa mmoja wa waanzilishi wa studio ya filamu za katuni pale Columbus. Mtu wa filamu anajua lini mhusika akae kimya.

Chukua kile kisa cha tawi. Fone Bone anakimbizwa na majitu-panya wawili, anaruka ukingoni mwa genge na kudaka kitawi. Ananing'inia pale akijiambia kwamba lazima wawe wajinga kweli kumfuata kwenye kitawi dhaifu namna hii. Fremu inayofuata, wote watatu wananing'inia. Hakuna picha ya kuruka, hakuna sauti, hakuna maelezo. Msomaji ndiye aliyewarusha kichwani mwake. Au theluji: anaambiwa majira ya baridi huja ghafla bondeni, na mara theluji yote inadondoka kwa mpigo mmoja, pwaa! Watoto wetu hawajaiona theluji na bado wanacheka, maana kinachochekesha ni ule mpigo.

FundiWino, kwenye kazi yako kila fremu ina tukio. Jukwaani tunasema mchezaji anayesogea muda wote haonekani.

#11 Mtu_wa_Muheza

Mimi nalia na kitu kingine. Mchoraji ameifanya Amboni ndogo. Kila mtoto wa huku anajua lile pango linatokea Mombasa, wapo wanaosema hata Kilimanjaro. Mzungu na mbwa wake waliingia, mbwa akatokea mbali huko. Hiyo peke yake ni vitabu kumi!

#12 Mwamba_Chokaa

Mkuu wa Muheza, hilo la Mombasa halipo. Wapimaji wa Kijerumani na Kituruki waliyapima mwaka 1994, wakakuta mapango kumi, refu kuliko yote likiwa na mita 900. Watalii huingizwa kwenye moja tu. Ni mwamba wa chokaa wa enzi za Jurasiki uliotafunwa na maji.

#13 Mtu_wa_Muheza

Mita 900 kwa mpimaji mwenye taa. Kwa binti mwenye kibatari ni Mombasa na zaidi. Njozi haipimwi kwa futikamba.

#14 BintiPangani

Hapo Mtu_wa_Muheza kaliweka vizuri, na ndipo ninapoona ugumu wa kazi ya FundiWino. Jeff Smith bonde lake kalibuni. Anaweza kuweka joka popote, hakuna atakayemwuliza. Amboni watu wanakwenda na chupa za marashi na vitambaa kutoa nadhiri mpaka leo. Unapochora mzimu wa mahali hapo, nusu ya wasomaji wanasema unadhihaki na nusu wanasema hujui. Bibi yangu asingekishika hicho kitabu. Huenda watoto wanakirudisha kwa kuwa nyumbani wameambiwa mambo hayo hayachezewi.

#15 MwanaNgamiani

Dada, hilo sikuwa nimelifikiria. Ila wanaokirudisha ni pamoja na watoto wa familia zisizojali habari za mizimu. Nitawadadisi taratibu.

#16 Jarife_Raskazone

Mnahangaika na nyoka wa vichwa saba wakati bahari yetu ina silikanti! Dunia iliamini samaki yule alikwisha tangu enzi za dinosaria, akaonekana Afrika Kusini 1938, na baada ya 2003 nyavu za jarife za hapa Tanga zikawa zinampandisha mmoja baada ya mwingine, mpaka 2009 ikatangazwa hifadhi ya bahari kwa ajili yake. Mapezi yenye nyama kama miguu. Mchoreni huyo awe mkubwa kama jahazi, atoke usiku kwenye kina cha bahari. Mna joka lenu, hata kama Wakomoro nao watalidai.

Na nyuki wa Novemba 1914 je? Waingereza na askari wao kutoka India wanatua Tanga kupigana na Wajerumani, risasi zinaivuruga mizinga ya nyuki, nyuki wanatoka wanauma watu katikati ya vita. Jeshi likarudi majini. Njozi gani inashinda hiyo?

#17 Kahawa_Tungu

Nyuki waliuma pande zote mbili lakini, tusiwape uraia wa Kijerumani.

#18 Jarife_Raskazone

Kweli, waliuma wote. Ndiyo uzuri wake: nyuki wana upande wao wenyewe.

#19 MzeeWaKatani

Nasoma hapa nashangaa hakuna aliyemtaja Shaaban Robert, mtu wetu, kazaliwa Vibambani 1909. Njozi ya Kiswahili iliyoandikwa huwezi kuizungumzia ukamwacha. Kusadikika, 1951, ni nchi inayoelea angani! Wajumbe wanne wanatumwa pande nne za dunia kutafuta mambo mema, wakirudi wanafungwa. Na Adili na Nduguze: kiongozi mwadilifu kila usiku anawachapa nyani wawili, na nyani hao ni ndugu zake wa damu. Mchoraji gani hataki kuchora ukurasa huo?

#20 Mwl_Rangi

Mzee wetu, shikamoo. Wajumbe ni sita: pande nne, halafu Ridhaa anapelekwa mbinguni na Amini ardhini. Hao wawili wa mwisho kwa mchoraji ndio wenye utamu, mmoja picha zinapanda juu, mwingine zinashuka.

#21 MzeeWaKatani

Marahaba, sita. Ahsante.

#22 Kaole_Boy

Lakini mzee, Kusadikika kuichora ni mtihani. Hadithi nzima inasemwa mahakamani. Karama anashitakiwa na Majivuno kwa kufundisha uanasheria, naye anajitetea kwa kusimulia safari za wale sita. Ukiichora alivyoiandika utapata mtu amesimama anaongea, viputo vya maneno vimejaa ukurasa. Shaaban Robert nguvu yake iko kwenye sentensi. Ukimwondolea sentensi unabaki na nini?

#23 Mwl_Rangi

Unabaki na nchi inayoelea angani na mtu mmoja anayesimama peke yake mbele ya mfalme. Mimi zinanitosha. Mahakama ipewe fremu nyembamba zinazobana, safari zipewe ukurasa mzima usio na mpaka. Msomaji anapumua Karama anapoanza kusimulia, anabanwa tena anaporudishwa kizimbani.

#24 Mama_Nuru

Habarini. Mimi ni mama wa mmoja wa watoto wa kikundi hicho, nimeusoma uzi wote.

Mbona hamlioni hili? Bone wanaitazama kwa sababu hawaielewi lugha. Wamelazimika kusoma picha: nani kakunja uso, nani kajificha, kivuli kimeangukia wapi. Mwanangu anaweza kukaa kwenye ukurasa mmoja mpaka chai inapoa. Katuni ya Kiswahili anasoma maneno mbio mbio, picha anazipita, kisha anasema ameimaliza. Shuleni amefundishwa kwamba kusoma ni maneno. Wapeni Bone ya Kiswahili muone kama hawataiparamia vilevile.

#25 Mwl_Rangi

Mama Nuru, umenifunga mdomo kwa muda. Hoja nzito.

#26 Kijani_Kibichi

Mimi nasimama na rangi. Seti aliyonayo MwanaNgamiani ni ya rangi, ya FundiWino ni fotokopi nyeusi. Mtoto wa siku hizi ana simu ya mama yake mkononi. Jeff Smith alivyoyapaka yale mapambazuko na moto, nani atageukia karatasi nyeusi?

#27 Kaole_Boy

Rangi siyo za Smith. Bone kwa miaka yake yote 13 ilikuwa nyeusi na nyeupe, brashi na wino. Rangi zilianza 2005, kazi ya Steve Hamaker. Watu waliipenda na kuipa tuzo ikiwa haina tone la rangi. Angalia mstari wake: unanenepa mgongoni mwa jitu-panya, unakonda kwenye kidole. Huo ndio unaotenda kazi ya rangi.

#28 Kijani_Kibichi

Waliipenda Wamarekani wazima waliozoea kwenda dukani kununua matoleo. Iliyowafikia watoto mashuleni kwa wingi ni ya rangi. Sibanduki hapo.

#29 MwanaNgamiani

Wakuu, narudi na habari. Nilichukua hoja ya Mama Nuru nikaifanyia kazi. Nilifunika maneno yote ya katuni ya Amboni kwa vipande vya karatasi, nikawapa watoto bila kusema kitu.

Safari hii waliokaa nayo ni wengi zaidi, na walibishana. Lakini hadithi waliyoisoma siyo aliyoiandika FundiWino. Karibu wote walisema yule nyoka ni baba yake binti aliyerogwa, kwa sababu kwenye kila fremu anamtazama binti na hamgusi. Mmoja akasema kaka hajapotea, amejificha kwa hasira. Nilipobandua karatasi wakasoma maneno, wakakasirika. "Siyo hivyo!" wakaniambia, kama mimi ndiye niliyeandika.

Nilipowauliza kuhusu mizimu, wawili walisema hawaruhusiwi. Wengine hawakuona shida. Kwa hiyo BintiPangani naye ana sehemu yake.

#30 Kaole_Boy

Baba aliyerogwa! Hiyo ni bora kuliko kaka aliyepotea, FundiWino usinichukie.

#31 FundiWino_Tanga

Sikuchukii. Nimeusoma ujumbe huo mara nyingi leo. Nyoka simgusishi binti kwa sababu ya heshima tu, sikutaka kuchora msichana ameviringishwa na nyoka. Wao wamekiona kama siri. Sasa nimekwama kati ya hadithi yangu na yao, na sijui kama ni halali kuchukua ya watoto.

Maelezo ya juu nitayaondoa kwenye kurasa za mwanzo tu, pale nyumbani kabla ya pango, na ugomvi wa baiskeli nitauweka hapo. Ndani ya pango maneno yatabaki. Gizani mtu husikia kuliko kuona, na hapo sikubaliani na Kaole_Boy hata kidogo. Magamba pia yanabaki.

#32 Kaole_Boy

Gizani ndipo ukurasa mweusi mtupu wenye macho mawili unapotosha, kaka! Maneno ya nini?

#33 BintiPangani

Kaole_Boy, kaa kwenye pango hilo taa imezimwa ndipo useme. Sauti ya popo peke yake inajaza ukurasa. FundiWino yuko sawa.

#34 Jarife_Raskazone

Na silikanti je? Maji yanayopita pale Amboni yanashuka baharini. Baba mtu anaweza kuwa samaki.

#35 Mwamba_Chokaa

Silikanti hukaa chini sana baharini, mita mia na zaidi. Mtoni hapandi.

#36 Mtu_wa_Muheza

Huyu aliyerogwa anapanda.